Mwanafunzi Aliyeandikwa Yuko Hai

Lifti ya jengo la utawala la Chuo Kikuu cha Kirichwa ilikuwa imeharibika tena, kwa hiyo Inspekta Waithaka alipanda ngazi hadi orofa ya sita huku matone ya rasharasha ya Julai yakimdondoka kutoka kwenye koti. Huko chini, katikati ya jiji, magari yalikuwa yakipigiana honi kama kawaida. Juu kulikuwa kimya. Mabango ya jubilei yalining'inia ukutani kila alikopita, yakitangaza miaka hamsini ya elimu na huduma, na katika kila bango kulikuwa na vijana wanaocheka kwa meno meupe kabisa. Waithaka alikuwa amesomea chuo cha polisi Kiganjo, ambako hakuna aliyecheka namna hiyo.

Daktari Waringa alikuwa akimngoja mlangoni. Ndiye mwanahistoria aliyepewa kazi ya kuandika kitabu cha jubilei, mama wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuongea na darasa la watu mia tatu bila kipaza sauti. Rekoda yake ilikuwa imeibwa wiki moja iliyopita kutoka kwenye droo ya meza, na katika ofisi nzima hakikuguswa kitu kingine chochote. Kompyuta ilikuwepo. Mkufu wa dhahabu aliousahau kwenye bakuli la vibanio ulikuwepo.

Mkuu wa ulinzi wa chuo alikuwa na jibu lake tangu siku ya kwanza: ni Jacklyne, karani wa ofisi, kwa sababu ndiye aliyekuwa akifungua mlango asubuhi. Jacklyne akasimamishwa kazi kabla hata ya kuulizwa. Waithaka naye alipoteza siku mbili akizunguka vibanda vya Luthuli Avenue, kwa kuwa mtu mmoja aliapa kwamba aliiona rekoda ya aina hiyo ikiuzwa. Ilipopatikana, ilikuwa imejaa mahubiri ya mchungaji wa Kayole. Jacklyne alirudishwa kazini bila hata mtu kumwambia pole.

Asubuhi hii Inspekta alitaka kujua kitu kimoja tu. Ndani ya rekoda mlikuwa na nini ambacho hakimo kwenye kompyuta?

Daktari Waringa alieleza kwamba yeye ana desturi yake. Kila anayemhoji, humhoji mara mbili, na kati ya mara ya kwanza na ya pili huacha miezi kadhaa ipite. Mtu anayekumbuka jambo hulisimulia tofauti kidogo kila mara, akasema, lakini mambo makubwa hayahami. Anayetunga hadithi ndiye husahau mambo makubwa. Mahojiano yote alikuwa ameshayahamishia kwenye kompyuta isipokuwa ya mtu mmoja, kwa sababu alikuwa bado akiyasikiliza.

"Nani?"

"Profesa Odhiambo. Msajili wetu," akasema Waringa, na akaenda kufunga mlango. "Na ndiye mwenyekiti wa kamati ya hiki kitabu."

Mahojiano hayo yalihusu mgomo wa mwaka wa tisini na saba, wakati chuo kilipofungwa na hosteli zikavamiwa. Kiongozi wa wanafunzi wakati huo alikuwa kijana mmoja aliyeitwa Lenox Oriwo, na tangu usiku wa uvamizi hakuonekana tena. Kwa miaka yote chuo kimekuwa kikisema kwamba alitorokea ng'ambo. Aliyetoa habari hiyo ni Odhiambo, aliyelala naye chumba kimoja, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho na sasa ndiye msajili. Kwenye rasimu ya kitabu sentensi ilikuwa tayari: Oriwo aliihama nchi na anaishi ughaibuni hadi leo.

"Mara ya kwanza alisema alimsindikiza mpaka Busia, upande wa Uganda," Waringa akaendelea. "Mara ya pili, Namanga, upande wa Tanzania. Busia na Namanga, Inspekta! Ni kama mtu akuambie alienda Mombasa ama Kisumu, hakumbuki vizuri. Nikamwambia nitamhoji mara ya tatu. Akasema sawa, tupange. Wiki hiyo hiyo rekoda ikapotea."

"Kwa nini hukuniambia hii siku ya kwanza?"

Daktari Waringa alitazama dirishani. Akasema kwamba mkataba wake unatiwa sahihi na ofisi ya msajili. Akasema pia kwamba mpiga chapa anaisubiri sura hiyo kesho, na kwamba amekuwa akilala nayo na kuamka nayo, kwa maana jina lake ndilo litakalokuwa kwenye jalada.

Waithaka alikagua kitasa kwa mara nyingine. Hakikuvunjwa wala kukwaruzwa. Funguo za mlango huo zilikuwa mbili, moja ya Waringa na nyingine iliyotundikwa kwenye ubao wa ofisi ya msajili, orofa mbili juu. Alizipanda hizo orofa mbili polepole. Hakuwa na haraka, na tuseme ukweli, hakuwa na hamu. Tangu amzike mkewe mwaka juzi, kazi imekuwa ikipita mikononi mwake kama maji ya bomba. Aliifanya vizuri, lakini moyo ulikuwa umeingia ganzi na yeye mwenyewe alijua.

Profesa Odhiambo alimpokea kwa mikono miwili. Alikuwa mtu mnene kiasi, nadhifu, aliyepungukiwa nywele, na alikuwa na adabu ile inayomfanya polisi ajione amekuja kuomba msaada. Aliagiza chai kabla hajaambiwa shida. Waithaka alianza na ufunguo. Profesa akasema ubao huo uko wazi, kila mtu anapita, na hilo ni kosa la ofisi yake ambalo analikubali. Kisha Inspekta akauliza habari za Busia na Namanga.

"Nimekuwa mzee," Profesa akasema akitabasamu. "Tulipitia njia nyingi siku hizo. Tulikuwa tunajificha. Ilikuwa Busia. Namanga nilipeleka mtu mwingine."

"Mwingine nani?"

"Inspekta, it's been almost thirty years."

"Na Oriwo, mnaongea?"

"Yeye ndiye hupiga. Namba hujificha, huwezi kumrudishia. Krismasi iliyopita tuliongea kidogo."

"Nchi gani?"

"Hasemi. Aliumizwa na hii nchi, hataki kutafutwa." Profesa alisukuma kikombe cha chai mbele ya mgeni. "Usinitegemee mimi peke yangu. Muulize mama yake, Mama Annah, anakaa mtaa wa Satellite. Kila Krismasi mimi ndiye humpelekea salamu za mtoto wake. Na kama unataka kuangalia nyumbani kwangu hiyo rekoda, nenda tu. Madam yuko. Nitampigia sasa hivi akufungulie."

Akampigia kweli, mbele yake. Mtu mwenye hatia hafungui mlango hivyo, Waithaka akawaza akishuka ngazi. Au ndiye hasa anayeufungua, kwa sababu anajua kitu hakiko nyumbani. Mambo hayo mawili aliyaona yana uzito sawa. Kwa hiyo akaenda nyumbani kwa Profesa, Kitisuru.

Msaidizi wake, Konstebo Naliaka, alikuwa kotini siku hiyo akitoa ushahidi wa kesi ya ng'ombe, la sivyo wangekwenda pamoja. Naliaka ni mzaliwa wa Bungoma. Angekuwepo, habari ingeishia pale pale sebuleni Kitisuru na mtu mwingine asingeumizwa vile alivyoumizwa. Lakini ng'ombe hawangoji.

Nyumba ya Profesa ilikuwa nyuma ya ua wa michongoma uliokatwa sawasawa, barabara tulivu, miti mirefu inayodondosha maji. Mkewe, Syokimau, alimfungulia akiwa na aproni. Ni Mkamba wa Machakos, mcheshi, mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu mapema, na alionekana kufurahi kupata mtu wa kuongea naye siku ya mvua. Alimruhusu aingie kila chumba. Waithaka alipekua chumba cha kusomea kwa taratibu zake zote: droo, rafu, nyuma ya vitabu, mifuko ya makoti. Rekoda haikuwepo.

Alipokuwa akirudi sebuleni aliona picha kubwa ya kijana aliyevaa joho la mahafali, imewekwa ndani ya fremu ya dhahabu. Chini yake paliandikwa jina: Ryan Oriwo Odhiambo.

"Huyu ni kijana wenu?"

"Kifungua mimba," Syokimau akasema kwa majivuno yasiyofichika. "Ni injinia. Sisi tunamwita Ryan tu. Hilo la katikati ni la kwa kina baba yake."

"Ni jina la ndugu yake Profesa?"

Syokimau alifikiri kidogo, akasema hajui vizuri, na hakuwahi kuuliza. Halafu akaketi kwenye mkono wa kochi na kumsimulia. Mtoto alizaliwa mwaka wa tisini na nane, wakiwa wanapanga nyumba ndogo Kawangware. Alikuwa akilia usiku na mchana. Hanyonyi, halali. Walimpeleka hospitali wakaambiwa hana kitu. Mwishowe mama mkwe, marehemu sasa, akaja kutoka Alego, akamkalisha mtoto mapajani akaanza kumtajia majina ya watu wao, moja baada ya jingine. Mtoto analia tu. Bibi amemaliza majina yote ya ukoo. Ndipo Odhiambo, aliyekuwa amesimama mlangoni muda huo wote, akasema, jaribuni Oriwo.

"Na akanyamaza," Syokimau akasema. "Walahi alinyamaza, akashika titi. Mimi Mkamba nitauliza nini? Nilitaka mtoto anyonye. Mama mkwe alimtazama baba Ryan muda mrefu, wakaongea Kijaluo kidogo, basi. Tangu hapo ni Oriwo."

Waithaka alitoka hapo akiwa amelegea kidogo. Yeye mwenyewe alipewa jina la babu yake mzaa baba, na dada yake ana jina la nyanya yao, na nyanya huyo ndiye aliyemfundisha huyo dada kusuka kiondo. Kwao jina ni heshima unayompa mtu akaiona. Kwa hiyo aliielewa hadithi ile kwa namna anavyoelewa Mkikuyu wa Dagoretti. Profesa alimpenda rafiki yake. Rafiki amekimbia nchi, yeye amebaki, akampa mtoto wake wa kwanza jina la rafiki ili lisisahaulike. Mtu anayempenda mwenzake hivyo huenda anamficha tu, hata kama anachanganya Busia na Namanga. Huenda anachanganya makusudi, ili Oriwo asitafutwe. Inspekta alipowasha gari alikuwa amekwisha kumwondoa Profesa miongoni mwa washukiwa. Hapo ndipo alipoteleza, na wala hakuusikia mguu ukiteleza.

Satellite aliijua tangu utotoni. Mjomba wake ana ploti za kupangisha upande wa Riruta, na zamani Waithaka alikuwa akitumwa huko kutengeneza mabomba. Aliacha gari kando ya Naivasha Road, akaruka madimbwi mpaka kwenye ploti ya mabati yenye vyumba vilivyojipanga pande mbili na kamba za nguo katikati. Nguo zilikuwa zimeanuliwa. Mama Annah alikuwa na chumba cha mwisho, karibu na tangi la maji.

Alikuwa mzee wa miaka sabini na ushei, mrefu, mgongo haujapinda. Alimkaribisha kwa kumshika mkono muda mrefu kabla hajamuuliza ametoka wapi. Chumbani mlikuwa na viti vinne vya mbao vilivyovishwa vitambaa vyeupe vya kufuma, kitanda nyuma ya pazia, jiko la gesi, na picha ya kijana mwenye shati la mistari. Waithaka hakuhitaji kuambiwa ni nani. Akapewa chai ya maziwa na viazi vitamu, akala, kwa sababu asingekula asingeambiwa kitu.

Mama Annah hakuwahi kuhojiwa na Daktari Waringa. Profesa alisema atamhoji yeye mwenyewe kwa niaba ya kamati, ili asisumbuliwe. Ndiyo, kila Krismasi huja. Ndiyo, huleta salamu. Sauti ya Lenox hajawahi kuisikia, kwa kuwa Odhiambo alimwambia simu za wazee husikilizwa.

"Na wewe unaamini, Mama?"

"Naamini nini, baba? Nimeambiwa mtoto yuko, nitasema hayuko?"

Akaeleza bila kulalamika. Wanawe wengine wawili wako nyumbani, Gem, wanamtaka arudi. Wamemjengea nyumba nzuri, ina sementi. Kila mwaka wanakuja kumchukua na kila mwaka anakataa. Ploti imeuzwa mara mbili, wenye nyumba wamebadilika, majirani wamehama, yeye yuko tu. Lenox alimwacha hapa. Akirudi ataulizia hapa.

"Nikitoka atanipata wapi?" akasema. "Magoti yananiuma, baridi ya huku inaniua. Lakini siwezi kutoka. Hiyo kitabu wakiandika ako hai, nitaendelea kukaa. Wakiandika amekufa, nitaenda nyumbani nimlilie. Mimi nataka tu moja."

Waithaka aliweka kikombe chini. Alikuwa ameketi katika nyumba nyingi za namna hii, mbele ya akina mama wengi, na alijua kwamba kwa kawaida hana cha kuwapa. Leo aliona anacho. Alitaka kumfariji, na hakuna aliyemlazimisha.

"Mama, nikuambie kitu," akasema. "Huyo Profesa alimpenda kijana wako sana. Hata mtoto wake wa kwanza alimpa jina yake. Anaitwa Oriwo."

Mama Annah alikuwa akimenya kiazi. Kisu kikasimama.

"Oriwo ya nani?"

"Ya Lenox. Nimeona picha leo."

"Alizaliwa lini?"

"Tisini na nane."

"Nani alimpa?"

Basi Waithaka akamsimulia yote, na kwa kuwa alidhani ni habari njema aliisimulia vizuri kuliko alivyosimuliwa yeye: mtoto anayelia, bibi aliyetoka Alego, majina yaliyoisha, baba mlangoni, na lile jina la mwisho. Alipofika mahali mtoto aliponyamaza akatabasamu. Mama Annah hakutabasamu. Alifuta kisu kwenye kanga, akakiweka kwenye sahani.

"Wewe unaitwa nani?"

"Waithaka."

"Hiyo ni jina ya nani?"

"Ya guka. Baba ya baba yangu."

"Alikuwa hai ukipewa?"

"Alikuwa hai. Alinibeba."

"Kwenu ni sawa," akasema. "Kwetu hapana. Kwetu mtu akiwa hai, jina yake ako nayo mwenyewe. Sisemi hawa watoto wa siku hizi wanaitwa majina ya wachezaji mpira. Hiyo ni ya kufurahi tu. Lakini mtoto akilia, aitiwe majina, anyamaze kwa moja, hiyo si ya kufurahi. Hiyo ni mtu amekuja. Amekuja kuomba jina yake isipotee. Na yule bibi wa Alego aliita watu gani? Aliita waliolala. Wote waliolala. Halafu Odhiambo akaongeza mmoja." Akaisukuma sahani kando. "Bibi alijua. Ndiyo maana alimwangalia."

Waithaka alisikia maneno hayo yakimwingia moja moja, polepole, na kila moja likikaa mahali pake. Mwaka mmoja baada ya mgomo, Odhiambo alijua kwamba Oriwo amekufa. Hakudhani; alijua, kiasi cha kumtaja mwenzake mbele ya yule bibi wa Alego pamoja na wafu wa ukoo. Basi hakukuwa na Busia wala Namanga, wala simu ya Krismasi yenye namba iliyojificha. Ufunguo uliokuwa ukutani kwake ulikuwa umetumika, kwa kuwa rekoda ilikuwa na sauti yake mwenyewe ikimkana. Kesi yote ilikuwa imeketi sebuleni Kitisuru ndani ya fremu ya dhahabu, naye akaitazama akaona upendo. Naliaka angeitambua mara moja, kwa kuwa kwao Bungoma nako mtoto huitiwa waliolala. Upendo ulikuwepo, hilo hakukosea.

Akangoja aone aibu au huruma, chochote. Hakuona. Ganzi ilikuwa palepale. Alijua amemfikishia mama huyu taarifa ya msiba huku akitafuna kiazi chake, na alijua atalikumbuka jambo hilo, lakini kulihisi hakuweza. Akafanya alichozoea: akaanza kuwaza utaratibu. Kilio cha mtoto mchanga hakisimami kortini. Angehitaji rekoda yenyewe, angehitaji kibali, angehitaji kumrudia Syokimau aandikishe taarifa.

Akamwambia Mama Annah kwamba wasimwambie Profesa chochote kwanza. Lakini mama alikuwa amekwisha kuchukua simu yake ndogo kutoka mfukoni mwa sweta, akabonyeza, akaiweka mezani ikiwa na sauti wazi kati ya sahani na vikombe.

Iliita mara chache. Profesa alipokea kwa Kijaluo, kwa uchangamfu, akimwita mama.

"Leo tuongee Kiswahili," Mama Annah akasema. "Niko na mgeni."

"Sawa, Mama. Habari ya baridi?"

"Oriwo yako hajambo?"

Upande wa pili kulisikika mtu mwingine akisoma kumbukumbu za kikao, kisha kiti kikaburutwa, kisha mlango ukafungwa na ile sauti nyingine ikakatika.

"Oriwo gani, Mama?"

"Yule alilia."

Waithaka alikuwa amehoji wauaji na matapeli kwa zaidi ya miaka ishirini, akawabana kwa maswali ya kila aina, na hakuwahi kuona mtu akishikwa kwa maneno mawili.

"Ako sawa," Profesa akasema hatimaye. Sauti ilikuwa imepungua. "Ako kazini."

"Basi kuja na yeye. Nataka nimuone. Na uniambie mwenye jina walimlaza wapi."

"Mama."

"Nakusikia."

"Aliruka dirisha wakivunja mlango. Orofa ya tatu. Mimi nilikuwa nimejificha kwa choo." Alikuwa akipumua kama mtu aliyepanda zile ngazi zote. "Asubuhi niliitwa mochari, nikaambiwa niangalie kama namjua. Waliosema wanamjua walikuwa wanashikwa. Nikasema simjui. Nilipoenda tena baada ya wiki mbili alikuwa ashazikwa na wale hawana wenyewe. Nikakuja kwako nikuambie, ukanifungulia mlango ukaniuliza, mtoto wangu ako wapi, amekula? Nikashindwa. Nikasema amevuka."

Mama Annah alikuwa akiitazama simu kama inavyotazamwa sufuria iliyo motoni. Machozi hayakuja. Mikono yake ilikuwa imetulia mapajani.

"Kuja," akasema.

"Nakuja, Mama."

Waithaka akainama mezani. "Profesa. Inspekta Waithaka hapa. Uje na rekoda ya Daktari."

"Iko kwa gari," ile sauti ikasema. "Nimetembea nayo wiki nzima. Sikuweza kuitupa."

Simu ikakatika. Kisheria Waithaka alipaswa kutuma gari limchukue pale pale ofisini, kabla hajabadili nia. Alilijua hilo, akaketi. Simu yake mwenyewe ilikuwa ikitetemeka. Ni Daktari Waringa, akisema mpiga chapa amempigia mara tatu, na je, ile sentensi ibaki au aitoe. Waithaka akamwambia aitoe. Waringa akauliza aandike nini mahali pake.

"Usiandike kitu kwanza," akasema. "Kesho njoo Satellite. Mama yake ndiye atakwambia. Na uende ukamwombe Jacklyne msamaha, kwa sababu hapo juu hakuna atakayefanya hivyo."

Mama Annah alikuwa amesimama. Alikuwa akivua vile vitambaa vyeupe kutoka kwenye viti, kimoja kimoja, akivikunja na kuviweka kitandani. Akafungua mlango wote. Rasharasha ilikuwa imekatika, na baridi ikaingia.

"Nisaidie kutoa viti nje, baba," akasema. "Watu watakuja. Hawawezi kukaa ndani, hapatoshi."

Waithaka alivua koti akabeba viti viwili, akavipanga kwenye sementi iliyolowa, penye nafasi kati ya kamba za nguo. Alirudi akabeba cha tatu. Mama Annah alikuja na cha nne mwenyewe, akakiweka kando ya mlango, akakikalia, akanyoosha miguu mbele kama afanyavyo mwanamke aliyefiwa. Jirani mmoja, msichana aitwaye Cate anayefua nguo za watu, alichungulia kutoka chumba cha mkabala. Akaona viti nje. Akakausha mikono kwenye leso, akaja akachuchumaa mbele ya mama, akamshika magoti.

"Mama Lenox, kuna nini?"

"Nimefiwa na mtoto."

"Jamani. Nani?"

"Lenox."

Cate alimtazama Inspekta, kisha akamrudia mama. "Pole, Mama. Pole sana. Amekufa lini?"

"Leo," Mama Annah akasema.